Aliyefungwa Mkaja

Ndugu zangu, sogeeni mbele. Hapa mbele hapaumi mtu. Na nyinyi kina mama huko nyuma ya pazia, mengi ya leo ni yenu, kwa hiyo atakayesinzia amejidhulumu mwenyewe.

Juzi nilipita hapo nje nikawasikia watu wawili wanazungumza habari ya kijana wa mtaa huu aliyerudi kutoka gerezani. Mmoja akasema, "Wanasema katubu." Mwenzake akajibu, "Tutaona." Mimi nikashika njia yangu, lakini neno lile likanifuata mpaka nyumbani, nikala nalo, nikalala nalo. Tutaona. Basi leo nimekuja na mfano. Ni mfano tu, mtu asitoke hapa akaenda kumtafuta mwanamke huyu mtaani kwake. Ingawa ukimtafuta hutamkosa.

Walikuwapo ndugu wawili wa kike katika mji mmoja wa pwani, mtu na dada yake, na nyumba waliyoachiwa na wazazi ilikuwa moja. Dada mtu hakujaliwa mtoto. Aliolewa, akangoja, akanywa kila dawa aliyoambiwa, hakushika mimba, mwisho akaachwa akarudi nyumbani na sanduku lake. Mdogo mtu yeye alijaliwa binti mmoja. Binti hajatimiza hata kuota meno yote, baba yake akafariki, na mama mtu akabaki anatazama ukuta.

Hapo ndipo alipotokea mtu wa kumwonjesha unga wa kulevya. Alimwambia, "Huu utakupunguzia mawazo." Na kweli, ndugu zangu, shetani huwa hasemi uongo mtupu. Ulipunguza mawazo. Kisha ukapunguza mwili. Kisha ukapunguza vyombo vya ndani, kimoja kimoja, masufuria, redio, pazia, mpaka siku moja dada mtu akarudi kutoka kisimani akakuta mtoto amelazwa chini, kitanda chake hakipo. Alimbeba yule mtoto akampeleka chumbani kwake, na tangu siku hiyo akawa ndiye anayemwogesha, anayempikia uji na anayeitwa mama.

Yule mdogo hakusimama hapo; mtoto akakua mikononi mwa dada mtu, na yeye bado yuko kwenye unga. Teja hana breki. Jirani alikuwa na harusi, naye akaingia kama wanawake wengine, amejifunga kanga kiunoni, eti anakuja kusaidia kumenya vitunguu. Alitoka na mkufu wa bibi harusi. Akakamatwa, akahukumiwa, akaenda jela, na mji mzima ukasema alhamdulillahi. Msinitazame hivyo. Mngekuwapo mngesema pia.

Huko ndani alipata arosto, ule ugonjwa wa kukosa unga, mpaka akadhani roho inatoka. Alitapika, alitetemeka, aliomba afe. Hakufa. Wakampeleka jikoni, na huko akajifunza kupika chungu cha watu wengi bila kuunguza. Akajifunza tena kusali, akianza na sura fupi fupi kama mtoto wa madrasa. Mwaka ukaenda na mwenzake, kifungo kikaisha, akafunguliwa mlango na mfuko mmoja wa plastiki mkononi.

Sasa niambieni, mtu kama huyo anakwenda wapi? Alikwenda kwa dada yake. Alisimama mlangoni muda mrefu, miguu haitaki kupanda kizingiti, kisha akapiga hodi.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mdogo wako."

Mwanamke akafikiri, basi, hapa ndipo nitakapofukuzwa, na akawa anawaza atarudi kijiweni kwa njia ipi. Mlango ukafunguliwa. Dada yake alikuwa amenenepa kidogo, ana mvi mbili tatu, mkononi kashika mwiko. Alimtazama kuanzia ndala mpaka kichwani.

"Umekula?" akamuuliza.

Alipokwisha kumlisha akampa masharti. Akamwambia, "Chumba cha uani kipo, utalala huko. Mkoba wangu nitalala nao chini ya mto, usione vibaya. Na mtoto atakuita mama mdogo. Anajua kwamba wewe ndiye uliyemzaa, sijamficha. Lakini kwa mdomo atakuita mama mdogo."

"Mpaka lini, dada?"

"Siku ikifika nitakwambia mwenyewe. Usiniulize tena."

Yule mama alikubali. Angekataa kwa uso gani? Lakini kila asubuhi, binti yake, mwanamwali mzima sasa, alipopita uani na kusema "Shikamoo, mama mdogo," moyo ulimkata. Alijibu "marahaba, mwanangu" akainamia sufuria. Hakuwa akitaka dunia. Alitaka neno moja tu lipunguzwe, hilo "mdogo".

Sasa sikilizeni jambo la dawa. Mnajua, anayeacha unga siku hizi hupewa dawa ya kunywa hospitali ili asiurudie. Huchukui ukaenda nayo nyumbani. Unakwenda kila asubuhi, unasimama kwenye foleni, unainywa mbele ya muuguzi, na kila anayepita barabarani anakuona na anajua umefuata nini. Asubuhi ya kwanza yule mama alijitanda kanga mpaka puani. Alipofika mlangoni akamkuta dada yake amevaa buibui, kikapu kwapani.

"Nina haja ya sokoni," dada akasema. "Tuongozane."

Wakatoka. Na barazani kwetu sisi mnatujua, macho hayana kazi nyingine. Mmoja akasema, "Teja na mlezi wake." Mwingine akasema, "Maji yakimwagika hayazoleki." Dada mtu akawapa salamu kwa sauti, akawauliza hali za watoto wao, mmoja mmoja kwa jina, na akaendelea kutembea. Hospitali alikaa kwenye benchi na kikapu chake mpaka mdogo wake akanywa. Kesho yake akawa na haja ya sokoni tena. Na kesho kutwa. Mvua ikinyesha ana haja ya sokoni. Akiwa na homa ana haja ya sokoni.

Miezi ilipita ndipo yule mama alipofikiri. Soko la mji ule, ndugu zangu, liko upande wa pili kabisa. Hospitali iko huku, soko liko kule. Na kikapu kilikuwa kinarudi kitupu kila siku. Alipojua hivyo alikaa kwenye ngazi ya uani akalia, na hakumwambia dada yake neno, maana angemwambia angemwondolea stara yake.

Basi maisha yakaanza kurudi. Alipewa kupika kwenye hitima moja, watu wakala wakinusanusa kwanza, kisha wakaomba kuongezewa. Akapewa nyingine. Siku moja dada yake alikwenda msibani akauacha mkoba wake juu ya mkeka, wazi kabisa. Alisahau au alifanya makusudi? Mpaka leo hajasema. Aliporudi akaukuta palepale, umefunikwa kawa ili paka asiuchezee. Usiku ule mkoba haukuingia chini ya mto.

Halafu binti akaposwa. Kijana wa mji mwingine, wa watu wema. Hapa vijana lazima niwafundishe kitu, kwa sababu nyinyi siku hizi mnatia noti kwenye bahasha mkasema "huu mkaja" na hamjui mnasema nini. Mkaja ni nguo. Ni nguo ndefu anayofungwa mzazi tumboni akishajifungua, kwa sababu aliyezaa amelegea, hana nguvu, viungo vyote vimeachana, na nguo ile humshika asimame. Basi anayekuja kuoa binti wa watu huleta mkaja kwa mama wa binti, kama kusema, tunalijua tumbo lililombeba huyu, na tunaliheshimu. Katika nyumba ile walishika ya zamani. Mkaja huletwa nguo, juu ya sinia, na somo, yule kungwi wa bibi harusi, husimama mbele ya wanawake wote akauliza, "Nani alifungwa tumbo kwa huyu?" Mama mtu husimama, akajibu, akapokea.

Sasa mnaona kazi iliyopo.

Wazee walikaa kikao. Msimamizi wa ndoa alikuwa baba mkubwa wa binti, ndugu wa marehemu, mtu wa safu ya kwanza msikitini, aina yake mnaijua. Yeye akasema, "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mkaja apokee aliyelea. Na huyu mwingine akae jikoni siku hiyo, asitoke. Wageni wakimwona watauliza, na sisi tutajibu nini?" Wote wakaitikia kwa vichwa. Methali wanayo, mzee ana mvi, basi neno limepita. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba wahenga haohao walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sisi tuna tabia hiyo, tunachagua methali kama tunavyochagua nyama sinia likiletwa.

Yule mama aliambiwa. Hakugombana. Jioni alimfuata dada yake akakaa naye.

"Dada, mkaja uchukue wewe. Nasema kwa moyo wangu, si kwa sababu ya wazee. Mimi nilimzaa nikamlaza chini. Umebeba sinia za mikaja ya watu maisha yako yote, na wako haujaletwa hata siku moja. Huu ndio wako."

Dada mtu alikuwa anachagua mchele. Hakuinua uso, ila mikono ilisimama. "Lala," akasema. "Kesho tuna kazi."

Asubuhi ya harusi, nyumba imejaa, wageni wako njiani, mama huyu akajitanda atoke peke yake kwenda kwenye dawa. Mlangoni akamkuta dada yake. Buibui, kikapu.

"Dada, leo una wageni wa kupokea."

"Nina haja ya sokoni."

Wakaenda, wakarudi. Mama akaingia jikoni uani, akajifunga kanga kiunoni, akaweka sufuria la pilau motoni. Nyimbo zikaanza ndani. Alisikia vigelegele vya kuwapokea wageni, akajua mkaja umeingia nyumbani, na yeye kazi yake ni vitunguu. Akawa anakoroga na machozi yanashuka, na kheri ya vitunguu ni kwamba hakuna anayekuuliza unalia nini.

Hapo ndipo shetani naye akapiga hodi, kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwanamke waliyevuta naye zamani, amekonda, meno yamemwisha. Akachungulia, akafungua kiganja, kete ya unga imelala humo.

"Shoga, nimesikia," akamwambia kwa upole. "Wanamwoza mwanao na wewe wamekufungia na masufuria. Chukua, haina deni. Ujipoze tu, leo."

Mnadhani hakutaka? Msimfanye malaika. Alitaka. Kila kiungo chake kilitaka, na mkono wa kulia wenyewe uliuacha mwiko. Akautazama ule mkono. Kisha akaurudisha kwenye mwiko.

"Nina pilau motoni," akasema. "Na wewe una njaa. Kaa hapo chini, nikupakulie ikiiva. Hiyo kete itupe chooni kabla hujagusa sahani yangu."

Ilitupwa au haikutupwa, mfano wetu haukufika huko. Lakini yule mgeni alikaa.

Ndani, sinia likawekwa katikati, mkaja umekunjwa juu yake, mweupe, unanukia udi. Bibi harusi yuko chumba cha pili, amefunikwa, na mnajua mwali hasemi siku hiyo, anaulizwa anaitikia kwa kichwa. Somo akasimama.

"Nani alifungwa tumbo kwa huyu?"

Wanawake wote wakamgeukia dada mtu. Alikuwa amekaa mbele, kapambwa, kapakwa hina, na siku hiyo alikuwa mzuri. Akasimama. Watu wakajiandaa kwa vigelegele. Naye akageuka, akapita katikati yao bila kugusa sinia, akatoka uani, akamshika mdogo wake mkono, na mwiko wake, na masizi yake, akamwingiza ndani mpaka mbele ya sinia. Upande wa wageni wakaanza kunong'ona. Upande wa wenyeji wakatazama chini.

"Mimi sikufungwa," dada mtu akasema, na sauti yake ilifika mpaka barazani kwa wazee. "Tumbo langu halijafungwa hata siku moja, na hapa hakuna asiyejua. Aliyemzaa binti huyu ni mdogo wangu. Alipotea, akafungwa, akarudi. Wageni mkiuliza ni nani, ni huyu." Kisha akamgeukia, akasema polepole, "Uliniuliza lini. Ni leo."

Neno alilolingoja yule mama limesemwa mbele ya mji, na somo ameshamtia mkaja mkononi. Kila mtu alidhani atauweka kifuani alie, mambo yaishe, tule. Hapana. Aliukunjua. Ulikuwa mrefu, ukaburuzika sakafuni. Akamwendea dada yake, akapitisha nguo ile kiunoni pake, juu ya kanzu aliyovalia harusi, akazungusha mara ya kwanza na ya pili, akakaza.

Somo akamwambia, "We mwanamke, unafanya nini? Umeambiwa mama ni wewe."

"Ndiyo, mama wa binti ni mimi," akajibu, naye anaendelea kufunga fundo. "Binti nilimzaa mimi. Lakini mimi niliyetoka gerezani, mimi niliyesimama hapa leo, nani alinizaa? Huyu. Kila asubuhi alinibeba kwenda hospitali na kikapu kitupu, akaniambia anakwenda sokoni. Aliyezaa hufungwa. Namfunga."

Hapakuwa na kigelegele. Watu walikuwa hawana pumzi ya kukipigia. Dada mtu alishika lile fundo tumboni kwa mikono miwili, akawa analia kwa sauti, mwanamke ambaye hakulia siku aliyoachwa. Na barazani yule mzee wa safu ya kwanza alikuwa anatafuta leso.

Ndipo ikasikika sauti kutoka chumba cha pili. Mwali, aliyekatazwa kusema, akasema.

"Mama, pilau inaungua."

Na wanawake wawili kwa pamoja wakaitika "Bee," wakakimbilia jikoni, mmoja na mwiko wake, mwingine mkaja unaburuzika nyuma yake. Hapo sasa nyumba ikapasuka kwa vigelegele. Pilau, ndugu zangu, iliungua chini kidogo. Ililiwa ikaisha, na ukoko waliugombania.

Sasa turudi kwetu sisi.

Mola wetu mlango wa toba hajaufunga, hilo hamna anayebishana nalo hapa. Mnalijua kwa Kiarabu na kwa Kiswahili. Lakini aliyetubu ni mtoto mchanga, na mtoto mchanga hajizai. Sisi tunataka atoke gerezani asubuhi, jioni awe na meno yote, anatembea, na kama inawezekana atusalishe Ishaa. Akiyumba siku ya pili tunasema, si niliwaambieni? Tunakaa barazani tunasema tutaona. Kuona ni kazi? Hata paka wanaona. Na yule mama, jamani, angekuwa na baraza zetu peke yake, ile kete asubuhi ya harusi angeipokea kwa mikono miwili, na sisi tungefurahi kwamba tuliona kweli.

Mnasema maji yakimwagika hayazoleki. Sawa, lakini mtu si maji. Mtu huzoleka, akipatikana wa kuinama.

Msiniambie hamna uwezo. Yule dada alikuwa na nini? Hakuwa na elimu ya dawa wala maneno ya kumtuliza mtu, hata mkoba wake alikuwa anaulalia kwa hofu. Alikuwa na miguu na kikapu. Aliogopa, na akaenda naye hivyohivyo. Mwanamke tasa, mji mzima ulimhesabu hivyo, akazaa mtu mzima.

Mtaani kwetu humu yupo kijana aliyerudi juzi. Nyumba yao mnaijua, mnapita hapo mkija kusali. Kila asubuhi anakwenda hospitali kunywa dawa yake, peke yake, kofia imefunika macho, na baraza zote zinamtazama mpaka anapinda kona. Hospitali iko upande huu. Soko letu liko upande ule.

Basi nawauliza, na sitaki jibu la mdomo. Kesho asubuhi, nani kati yetu ana haja ya sokoni?